Chai Kwanza, Ndege Baadaye

Kazi yangu ya ndege ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, nikiwa Form Two, saa tatu kasorobo asubuhi, na ilianza kwa sababu nilikuwa nimejificha. Nyumbani wageni walikuwa wamejaa, na mimi wageni siwawezi. Mtu akiniuliza, "Na wewe uko form gani?" ulimi unaganda kama uji wa jana. Nikateremka polepole hadi banda la Anko Musyoka, nikaketi chini ya bawa la ndege yake. Anko akaona miguu. Hakuniuliza niko form gani. Alisukuma ndoo kwa kiatu akasema, "Mwikali, maadamu uko hapo chini, osha hao wadudu waliogandia bawani."

Nimeosha wadudu tangu siku hiyo, kila likizo. Sasa Form Four imeisha, karibuni naenda chuo, na kwa hivyo nastaafu. Cheka tu, Kasyoka. Mtu anaweza kustaafu akiwa na miaka kumi na minane kama kazi aliyoifanya ilikuwa kazi kweli. Wewe na hao wenzako wawili wanaokuja nawe Jumamosi ndio mnabaki na Anko, na kwa vile mnajua kuongea mbele ya watu watatu kwangu ni mtihani, nawaandikia.

Kwanza mjue mnashika nini. Ndege yetu ina viti viwili, injini ndogo inayokunywa petroli ileile ya gari, na mabawa ya kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Kimevutwa juu ya mifupa ya chuma chepesi kikapakwa dawa mpaka kikakaza kama ngoma. Ukikigonga kwa kidole kinalia du. Kikilia namna nyingine, mwite Fundi Abdi. Ukikiegemea ukiwa na spana mfukoni, mwite Fundi Abdi halafu utafute pa kujificha.

Ilikuja Kibwezi kwa lori, mabawa yamelazwa kando kama milango ya kuuza. Anko alikuwa ameuzia wakulima wa mtoni pampu za maji miaka mingi. Alipowaachia wanawe duka, wenzake wa rika walinunua ng'ombe, yeye akanunua hii. Susu, yaani nyanya yangu, mama yake Anko, alitoka jikoni akaizunguka mara moja, mikono nyuma, kisha akauliza, "Inakamuliwa wapi?"

Sijawahi kusikia swali zuri kama hilo juu ya ndege. Haikamuliwi popote. Inakula tu. Inakula oili, inakula tairi, inakula plagi, inakula Jumamosi zenu zote. Mkiona rubani kwenye picha anatabasamu na miwani myeusi, jueni kuna mtu ambaye hayuko kwenye picha, amepiga magoti na kitambaa anafuta mafuta tumboni mwa ndege. Mtu huyo sasa ni nyinyi. Na nawaambia ukweli, magoti yanazoea. Tena mtu anayefuta ndiye huona kila kitu kwanza: msumari uliolegea, ufa mwembamba kama unywele, tone la oili mahali ambapo jana hapakuwa na tone. Fundi Abdi husema kitambaa cha kufutia ni tochi.

Huyo Fundi Abdi msimwogope. Watu wake ni wa Garissa, wana duka la vitambaa hapa mjini, lakini yeye alisomea ndege na ana leseni, na bila sahihi yake Anko harushi hata kofia. Ijumaa huja baada ya swala, anavua kanzu, na chini ya kanzu kuna ovaroli tayari. Siku ya kwanza kuona hivyo nilicheka mpaka nikasahau kuona haya. Akaniambia, "Wewe msichana, unacheka vizuri, sasa njoo ushike hii tochi vizuri." Yeye ndiye alinifundisha kwamba ndege hukaguliwa kwa mwili mzima. Macho ni ya mwanzo tu. Gonga, tikisa, nusa, sikiliza.

Kusikiliza nilikufahamu siku ya nyuki. Ilikuwa likizo nyingine, ya Desemba, migunga imechanua, na nilikuwa nafuta bawa la kulia. Bawa likawa linanguruma. Injini imezimwa, Anko yuko nyumbani anakunywa uji, na bawa linanguruma. Nikaweka sikio. Ndani, watu wote wa Makueni walikuwa wanafanya mkutano.

"Anko," nikasema mlangoni, "bawa lina sauti."

"Sauti gani?"

"Ya nyuki."

"Nyuki mmoja?"

"Kijiji."

Mnajua vile sisi Wakamba tulivyo na nyuki. Kabla chai haijaisha, jirani yetu mmoja mrina asali alikuwa ameshasikia, nami sijui alisikia kwa nani. Alitokea kwenye kona ya banda anatabasamu, begani mzinga, mkononi mwenge wa moshi unaofuka. Moshi! Kwa ndege ya kitambaa! Yenye petroli! Sijawahi kumwona Anko akikimbia vile, mtu wa tumbo kama lile. Alimkumbatia yule mzee kiunoni akamrudisha nyuma nyuma hadi barabarani, wote wawili wakipiga kelele, na yule mzee anauliza, "Kwani hutaki asali?"

Mwishowe aliacha moto mbali, akapaka mzinga mtupu nta, akautundika kwenye mti ulio karibu na banda, akatuambia tungoje. Tukangoja. Siku ya tatu nyuki wenyewe waliona nyumba ya mbao ni bora kuliko ya kitambaa, wakahama. Asali ya mzinga ule ndiyo mnayokula kwa mkate hapa bandani. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, weka sikio kwenye bawa. Watu watakucheka. Wacha wacheke, ukiwa umeweka sikio huwasikii.

Nyigu wa matope nao wana ushenzi wao. Mbele ya bawa la kushoto kuna kibomba chembamba kama mrija wa soda. Upepo ukiingia humo ndio saa ya mbele inamwambia rubani anakwenda kasi gani. Nyigu akikiona anasema, asante Mungu, nyumba. Asubuhi moja Anko alikimbiza ndege nusu ya uwanja, saa inasema amesimama. Akakanyaga breki, akarudi amekasirika, na kibomba kikatoa tope na viwavi. Tulijaribu kukifunika kwa karatasi, mbuzi akala. Susu ndiye aliyetatua. Alisuka kiondo kidogo kama kidole gumba, chekundu, cha kukivisha, na mkanda mrefu unaoning'inia ili usisahau kukitoa. Wageni hudhani ni pambo. Nyinyi mkikiona bado kimening'inia na Anko anapanda, hicho si pambo.

Mengine ya haraka haraka. Ruka asubuhi. Jua likishapanda, hewa ya Kibwezi inakuwa nyepesi, ndege inakimbia na kukimbia haitaki kuinuka, na vile visulisuli vya vumbi vinaanza kuzunguka kama walevi. Kabla ya kuruka, mmoja wenu aendeshe pikipiki uwanja mzima mpaka mwisho, kwa sababu mbuzi wa huku wanapenda pale kwa mchanga wa moto. Usipite mbele ya propela hata kama imezimwa, hata kama unakimbilia mvua. Na Anko akikupa usukani huko juu, shika kijiti kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Mara yangu ya kwanza nilimkaba kifaranga, ndege ikacheza kama ng'ombe aliyeingiwa na siafu, na nikatapika kwa kofia ya Anko. Aliosha mwenyewe. Hakumwambia mtu. Mimi ndiye namwambia mtu.

Kofia iliyotangulia hiyo, ile ya kijani, ndiyo ilileta sheria yetu kubwa. Anko na Fundi Abdi walisimama kando ya ndege injini ikiwa inaunguruma, wakibishana kama mlio ule ni wa kawaida au si wa kawaida. Kila mmoja akapaza sauti. Anko akarusha mikono, kofia ikaruka, propela ikaichukua, na ikatoka upande wa pili kama sukuma wiki iliyokatwa. Fundi Abdi akaangalia vile vipande, akasema, "Musyoka, hicho kingekuwa kichwa chenye mdomo wako."

Tangu siku hiyo hakuna kubishana kando ya injini. Mtu yeyote akiona kitu asichokipenda, awe mwenye ndege au mtoto aliyeleta maziwa, anasema neno moja: "Chai." Basi. Injini inazimwa, ufunguo unatoka, na wote wanatembea mpaka kwenye benchi. Thermos inafunguliwa. Kikombe cha kwanza kinanywewa kimya. Hakuna kuuliza nani amesema wala kwa nini. Kikishaisha, aliyesema chai anaeleza, na hata kama ni upuuzi hakuna kucheka. Sawa, walikuja vijana fulani wakawa wanasema chai wakiona njaa, na mwaka huo tulikunywa majani mengi, lakini Anko hakuifuta sheria. Alisema afadhali tumbo lijae kuliko kaburi.

Mtu mwenye haya kama mimi, sheria hiyo ilikuwa imekatwa kwa kipimo changu. Neno moja tu. Na bado karibu linishinde.

Sasa nifike kwa Susu.

Susu alizaliwa Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Aliolewa huku akiwa msichana, na kwa miaka mingi alikuwa akienda kuona watu wake. Halafu magoti yakakataa. Gari lile la kuzunguka na kurukaruka kwenye mawe lilimlaza wiki nzima mara ya mwisho, akasema basi, Kanyangi ataiona mbinguni. Alikuwa amebakiwa na kaka mmoja kule, Babu Nzioki, na kaka naye hawezi kusafiri. Wakawa watu wa simu. "Unanisikia?" "Nakusikia." "Haya." Ndiyo mazungumzo yao yote, kila Jumapili.

Mvua za mwisho wa mwaka, zilizochelewa, zilipokaribia, mimi nimetoka tu kumaliza mtihani shuleni kule Kikima, bado baridi ya milima ya Mbooni iko kwenye mifupa, Susu akamwambia Anko ghafla wakila, kwa Kiswahili chake cha Kikamba: "Hiyo ndeke yako. Inaweza kufika kwetu?"

Anko akaacha kutafuna. "Kutua hapana, Mwaitu, mama yangu. Hakuna uwanja karibu. Lakini tunaweza kuzunguka juu, uone."

"Nione nyumba?"

"Uone nyumba, uone kilima, uone kaka yako akiwa amesimama uani."

"Nitamjuaje kutoka juu? Wazee wote wana kofia."

Babu Nzioki alipopigiwa simu alisema atatandika shuka jeupe uani na kusimama juu yake. Kwa hivyo mambo yakawa hivyo. Ijumaa asubuhi, Anko na Susu, kuvuka Athi na ule mwamba mrefu wa Yatta, kama nusu saa na kidogo kwenda, kuzunguka, kurudi. Susu alikata nywele. Alinunua soksi.

Siku ya Jumatano mvua ikanyesha, ya kwanza, ile ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani.

Ijumaa ilipofika, kanisa lote lilikuja. Simaanishi wote, lakini Mchungaji na akina mama wa kwaya walitosha. Walisimama kando ya uwanja na vitenge vyao wakiimba, na Mchungaji alitaka kujua kama kuna nafasi ya tatu. Anko akamwonyesha mizani. Hapa tunapima abiria kwa mizani ya kupimia magunia ya ndengu, ile ya jukwaa la chini, kwa sababu ndege ndogo haijui cheo cha mtu, inajua uzito. Mchungaji akapanda.

"Gunia moja na debe," Anko akasema. "Mchungaji, wewe utaomba kutoka chini."

Halafu Susu akapanda. Anko akaangalia mizani, akamwangalia mama yake, akaangalia mizani tena. "Mwaitu. Jumapili ulikuwa mwepesi kuliko hivi."

"Nimekula."

"Umekula nini, jiwe?"

Susu akatoa ndani ya leso kifuko cha ndengu. Akatoa kingine. Kisha papai. Alikuwa amepanga kumrushia kaka yake dirishani. Akina mama walicheka mpaka wimbo ukakatika. Susu naye akacheka, na hapo nikaona kwamba alikuwa anaogopa na anafurahi kwa pamoja, kama mtoto wa kubatizwa.

Mimi nilikuwa na kazi moja iliyobaki, kuchota mafuta. Chini ya kila tangi kuna kidude cha kubonyeza. Unaweka kikombe cha plastiki kinachoona, unabonyeza, petroli kidogo inatoka, unaangalia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na katikati unaona mstari. Mstari ukiwepo, unamwaga, unachota tena mpaka uishe. Petroli huwekwa kwa kupitishwa kwenye ngozi laini inayozuia maji, lakini ngozi ilikuwa imenyeshewa kwenye kamba na haijakauka, na Anko, kwa haraka na wimbo na Mchungaji, alisema, "Leo tu tumimine hivyo hivyo." Mkisikia mtu anasema leo tu karibu na ndege, jueni chai imewadia.

Nikachota. Nikainua kikombe kwenye jua. Hakuna mstari. Kilikuwa safi, safi kuliko siku yoyote niliyowahi kuchota, unaona mpaka vidole upande wa pili. Nikasogea kando, nikakimwaga chini. Nikageuka ili nimwonyeshe Anko kidole gumba, kama kawaida yetu. Lakini Anko alikuwa ameshamfunga Susu mkanda, jua linapanda, watu wanamwangalia, hakungoja kidole. Akawasha.

Nilipoangalia chini tena, kuku wa Susu alikuwa ameshika njia kuja, mpole kabisa, na kelele zote zile. Akafika pale nilipomwaga. Akainamisha kichwa. Akanywa. Akainua shingo juu, vile kuku wanavyoshukuru, akainama akanywa tena.

Kuku hanywi petroli.

Nikatazama kile kidimbwi. Petroli ikimwagika kwenye udongo mbichi huchora rangi, nyekundu, kijani, zambarau. Hapakuwa na rangi hata moja. Nikanusa kikombe. Kilinuka kidogo tu, harufu ya jana. Ndipo nikasikia kichwani sauti ya Fundi Abdi, kitu alichoniambia kitambo nami nikaitikia bila kuelewa: mstari unaonekana kama kuna vitu viwili. Kikombe kikijaa maji matupu, utaona mstari na nini? Nusa.

Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Ingenguruma vizuri hivyo kwa muda, kwa ile petroli iliyokuwa tayari kwenye mabomba. Muda wa kutosha kufika mwisho wa uwanja. Muda wa kutosha kupita juu ya miti.

"Chai," nikasema.

Mimi mwenyewe sikujisikia. Kwaya ilikuwa kwenye kibwagizo. Nikasema tena, na mama mmoja aliyekuwa karibu nami akanitabasamia akaendelea kuimba. Kukimbilia ndege huwezi, mbele kuna propela. Anko alikuwa ameinamia saa zake. Ndege ikaanza kusogea.

Nikanyakua thermos kwenye benchi. Nikakimbia kwa mbali, nikizunguka, mpaka mahali ambapo dirisha la Anko lingeniona mzima mzima, katikati ya uwanja, mbele ya kanisa lote, na nikainua thermos juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikasimama hivyo. Kwaya ikanyamaza sauti moja moja. Kila jicho lilikuwa kwangu na hakukuwa na bawa la kujificha chini yake. Nilitaka kulia.

Propela ikasimama.

Anko alishuka na ufunguo mkononi. Akamfungua Susu mkanda, akamshusha, wakatembea mpaka benchi. Mchungaji akafungua mdomo, Anko akaweka kidole midomoni. Tukanywa kikombe cha kwanza kimya, watu wote wale, vikombe vikipokezanwa, na mtu anayesikika ni kuku peke yake.

"Haya, Mwikali," Anko akasema.

Nikampa kikombe cha kuchotea. "Nusa."

Akanusa. Akaenda kwenye tangi akachota tena, akanusa, akatia kidole akaonja. Uso wake ukawa rangi ya majivu. Akampa Mchungaji, Mchungaji akanusa akampa mama wa kwaya, kikombe kikatembea benchi nzima kama sadaka, mpaka kikafika kwa Susu. Susu hakunusa sana.

"Haya ni maji yangu," akasema.

Akaeleza polepole. Usiku wa mvua aliamka akatoa nje kila kitu chenye mdomo: sufuria, ndoo, debe, beseni, mitungi. Kila nyumba ya Ukambani ilikuwa inafanya hivyo usiku huo. Mtungi mwekundu ambao Anko hununulia petroli ulikuwa mtupu nyuma ya banda, akauweka chini ya mabati pamoja na mingine. Mvua ikinyesha huku hakuna mtungi mwekundu wala wa manjano, kuna mtungi mtupu. Asubuhi akasikia unanuka, akatumia maji mengi kuosha veranda. Lakini kumwaga yaliyobaki chini, hivi hivi, hakuweza. Nani humwaga maji? Akafunga kifuniko, akaurudisha mahali pake. Anko akaupeleka kujaza petroli bila kuchungulia ndani.

"Mwaitu, kosa ni langu," Anko akasema. "Mimi ndiye sikuchuja. Mimi ndiye sikungoja kidole."

Susu akasimama. Akachukua papai lake. "Nilikuwa natuua, mimi na mtoto wangu, kwa maji ya kuosha veranda. Mimi ndeke sipandi tena." Mchungaji akamfuata na Neno, akina mama wakamfuata na maneno, hakuna aliyegeuza hata shingo yake. Akavua soksi mpya mlangoni, akaingia.

Anko akampigia Babu Nzioki. Nilisikia sauti ya mzee kutoka kwenye simu, inapaza kama kawaida: "Shuka nimeshatandika! Mwambie dada yangu mimi sikunji. Liko hapo mpaka aje!"

Siku hiyo tulimwaga matangi yote. Fundi Abdi alikuja, safari hii bila kanzu kabisa, akafungua kabureta, akafuta, akapuliza, akafunga, hakumlaumu mtu. Mtungi ule mwekundu aliutoboa kwa msumari, tu-tu-tu, akasema sasa ni wa kumwagilia mboga. Tukaleta petroli mpya kwa mtungi mpya, tukaipitisha kwenye ngozi iliyokauka. Jioni Anko akaruka peke yake, akazunguka uwanja, akatua, akaruka tena. Injini iliimba. Susu hakutoka nje kuangalia.

Asubuhi yake niliamka mapema nikaenda kwenye ndege peke yangu. Nikaweka sikio kwenye mabawa yote mawili. Nikachota kikombe. Nikanusa. Kisha nikakipeleka kwa Susu, lakini jikoni sikuingia, nikasimama mbali uani.

"Susu, toka. Hii haikaribii moto."

Akatoka na mwiko mkononi. Nikamnyooshea kikombe tu. Aliniangalia kwanza mimi, halafu kikombe, halafu akainamisha pua, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Ngai! Hii ni petroli!"

"Bawa lingine bado sijachota," nikasema. "Nimekungoja."

Kisha akampa mwiko mtoto wa jirani aliyekuwa uani, akashuka nami hadi bandani kwa magoti yake yale, akashika kikombe chini ya bawa la kushoto na mkono wangu juu ya wake, akabonyeza. Akanusa. Akamwaga tone chini, akainama kuangalia rangi. Kuku akaja, akatazama, akaondoka.

"Huyo amekataa," Susu akasema. "Basi niitie Musyoka."

Nikampima kwa mizani, nikatoa papai moja tu kwenye leso, nikamvisha soksi. Nikatoa kiondo chekundu kwenye kibomba, nikaondoa mawe ya magurudumu, nikasimama pale Anko anaponiona. Safari hii alingoja. Nikainua kidole gumba.

Waliondoka upande wa Athi wakawa nukta, halafu hakuna. Nilikaa kwenye benchi na simu ya Anko. Ilipolia niliipokea, mimi ambaye simu ya mtu huiacha ilie. Babu Nzioki hakusema hata hallo. Alikuwa anapiga kelele kwa watu wake, kwamba mkono uko nje, mkono wa dada yake uko nje ya dirisha, wauone. Nikabandika sikio kwa simu, vile ninavyoliweka kwenye bawa, na nyuma ya sauti yake nikaisikia injini yetu inazunguka juu ya shuka, mara moja, mara mbili, mara tatu. Haikukohoa.